Mteja analipia shajara, daftari linasema vingine. Mtafiti aandike nini?

#1 Fundi_Shajara
Wakuu, salaam. Swali langu ni kwa wanaotafiti nasaba kwa malipo. Wa kuchora mti wa ukoo wa kutundika sebuleni wanakaribishwa kusoma.

Nyaraka tatu ziko mezani. Majina nimeyakata.

Ya kwanza ni shajara ya familia, yaani orodha ya nasaba yao, nakala ya miaka ya 1950 kwa herufi za Kiarabu. Inasema Feruzi bin Salim bin H., kisha nisba (jina la kujinasibisha) ya kabila kubwa la Oman. Ya pili ni ukurasa wa daftari la waliopewa uhuru, Unguja, 1901: Feruzi, miaka 30, Mnyasa, kazi ya shamba. Kwenye safu ya bwana: Salim bin H. Ya tatu ni hati ya kuuza shamba la mikarafuu, 1931. Muuzaji ni Feruzi bin Abdulla.

Mteja ni kitukuu wa Feruzi. Anataka vitu viwili: kitabu cha kugawa kwenye mkutano wa ukoo, na nakala ya Kiarabu yenye saini ya mtafiti, ya kuambatisha kwenye maombi ya uraia Muscat. Nusu ya malipo imeshatoka. Maagizo yake ni mstari mmoja: andika kama shajara isemavyo.

Msimamo wangu ni kwamba mtafiti hana haki ya kuficha nyaraka ya pili na ya tatu, hata mteja apige magoti. Nipingeni.

#2 Kichochoro
Chapa kitabu, kula pilau la mkutano, rudi zako. Wote hao ni marehemu, nani atakushitaki?

#3 MzeeWaFaili
Fundi, umefunga maswali mawili kwa kamba moja. La kwanza ni la ushahidi: hawa akina Feruzi ni mtu mmoja? La pili ni la maadili: ukishajua, useme nini na umwambie nani? Wewe umerukia la pili, na kwa namna ulivyozipanga nyaraka zako umeshahukumu.

Feruzi ni jina la kito. Watumwa walipewa sana majina ya aina hiyo, Feruzi, Almasi, Marijani, na yale ya heri: Mabruki, Baraka, Farhani. Ukipekua daftari la wilaya moja ukakuta akina Feruzi watano usishangae. Na hiyo miaka 30 ni makisio ya karani aliyemtazama mtu usoni. Tazama safu nzima ya umri: ukiona 20, 25, 30, 35, 40 na hakuna 27 wala 33, ujue hakuna aliyeulizwa. Mpe miaka kumi huku na kumi kule.

Kinachokosekana hapo ni ardhi. Hati ya shamba hutaja mipaka: mashariki shamba la nani, kaskazini la nani. Jirani ndiye shahidi wako. Kama shamba la Feruzi bin Abdulla limepakana na la warithi wa Salim bin H., hapo una kitu cha kushika. Kama liko upande mwingine wa kisiwa, huna kitu.

Kichochoro #2, hoja yako ina historia. Gustave Anjou (1863–1942), Msweden aliyehamia New York, alikula pilau hilo kwa miaka mingi. Aliwauzia matajiri wa Marekani nasaba za kutunga: ukoo unaanza na wazazi wa kweli wa mteja, unapanda vizuri, kisha katikati anachomeka mtu mmoja au kizazi kimoja cha uongo ili kuunganisha na mabwana wa Ulaya. Alifariki zamani, lakini nakala za kazi zake bado zinanukuliwa na wasiojua. Kitabu cha nasaba hakifi na mwandishi.

#4 BintiMkunazini
Naongezea kwenye hilo la "bin Abdulla". Mtu akiachwa huru au akisilimu, na baba yake hajulikani au hakuwa Muislamu, alikuwa akiandikwa bin Abdulla, mwana wa mja wa Mungu. Kwenye hati za Unguja na Mombasa hiyo ni dalili. Uthibitisho si huo, maana wapo maelfu wanaoitwa bin Abdulla kwa sababu baba yao aliitwa Abdulla, basi. Anayeandika "bin Abdulla, kwa hiyo mtumwa" amefanya kosa lilelile la anayeandika "bin Salim, kwa hiyo Mwarabu".

#5 Kichochoro
Kina Abdulla wote humu ndani saa hii wanawapigia simu mashangazi zao 😂

#6 Mbwiga_wa_Baraza
Mbona jibu liko wazi. Salim alizaa na mjakazi wake, akapatikana Feruzi. Mwana wa haramu, hana haki ya nasaba, ndiyo maana daftari linamwita mtumwa na shajara inamwita mwana. Nyaraka zote mbili ni kweli.

#7 KalamuYaKadhi
Mbwiga, futa hilo neno kabla halijanukuliwa.

Mtoto wa bwana na suria wake, bwana akimkiri, amezaliwa huru. Hurithi sawa na nduguze waliozaliwa na mke wa ndoa. Mama yake hauzwi tena, na huwa huru bwana akifa. Hakuna "haramu" hapo. Sayyid Said bin Sultan alipofariki mwaka 1856 aliacha watoto wa masuria, na wanawe waliotawala Unguja baada yake, Majid, Barghash, Khalifa na Ali, wote mama zao ni masuria. Ukiandika ulivyoandika, umelitukana kasri zima.

Hapo ndipo dhana yako inapovunjika. Feruzi kama angekuwa mwana aliyekiriwa, asingekwenda kudai uhuru 1901, kwa sababu alikuwa nao tangu kuzaliwa. Kwa hiyo ama Salim hakumkiri, ama hakuwa mwanawe, ama huyu wa daftari ni Feruzi mwingine.

Tena usimtafute mama yake kwenye daftari la mwaka huo. Amri ya 1897 iliyofuta hadhi ya utumwa Unguja na Pemba iliwaacha masuria kando, ikawahesabu kama wake. Iliwafikia baada ya sheria ya 1909. Watu wanapekua madaftari ya 1897 hadi 1908, hawamwoni bibi, wanaandika "hakuwa mtumwa". Hakuonekana kwa sababu sheria haikumruhusu kuja dirishani, isipokuwa akidai ukatili.

#8 Fundi_Shajara
Ahsante Kalamu. Mzee #3, nakubali nimeharakisha. Ila sielewi nisba ilifikaje kwenye shajara kama hakuwa mwana. Ndiyo kusema mwandishi wa 1950s alidanganya?

#9 MwanaLamu
Si lazima. Kuna walaa.

Bwana akimwacha mtu huru, kifungo hakikatiki chote. Aliyeachwa akifa bila asaba (warithi wa upande wa baba), aliyemwacha huru, au wanawe, huwa mrithi. Kwa hiyo aliyeachwa alihesabika upande wa ukoo ule, alitajwa kwa jina lao, alizikwa kwao na harusi zake zilisimamiwa nao. Mtu kusema "mimi wa kina fulani" hakuwa ameiba kitu. Alisema ukweli wa kisheria ambao leo hatuna safu ya kuuandikia.

Sasa njoo kwenye uandishi. Shajara ya mwanzo ingeweza kuandika "Feruzi, maula Salim" au "atiki Salim", yaani aliyeachwa huru na Salim. Mnakili wa baadaye, kwa heshima au kwa kuona haya mbele ya familia iliyomwajiri, anaandika "bin". Neno fupi, linaingia bila kelele. Fundi, chukua picha ya shajara uikuze kwenye mstari huo tu. Linganisha nafasi kati ya "Feruzi" na "bin" na nafasi za mistari mingine. Tazama kama karatasi imekwaruzwa, kama nywele za karatasi zimesimama, kama wino wa "bin" hiyo umesambaa zaidi ya wa jirani zake. Karatasi iliyokwanguliwa hunywa wino.

#10 MzeeWaFaili
MwanaLamu umenena, lakini kumbuka hiyo ni nakala. Kwenye nakala hakuna cha kukwangua, kosa limeshanakiliwa safi. Labda lile la mwanzo lipo kwa tawi jingine la familia.

#11 MwanaLamu
Kweli. Ndiyo maana mtafiti anatakiwa aulize matawi yote, hata yale ambayo mteja hasemi nao. Hasa hayo.

#12 Sentimorgani
Mnahangaika na wino. Pimeni DNA mmalize.

#13 Tatu_Bila
Sentimorgani, jina lako linakusuta, wewe ungepaswa kujua.

Kama Salim alikuwa baba wa Feruzi, mteja na kitukuu wa mwana mwingine wa Salim kwa mama tofauti... ngoja tuhesabu. Feruzi na ndugu yake wa baba mmoja. Watoto wao, wajukuu wao, vitukuu wao. Vitukuu hao wanatarajiwa kushiriki wastani wa asilimia 0.4 hivi ya vinasaba, na baadhi ya watu wa umbali huo hawashiriki chochote kinachoonekana. Ukikosa, hujathibitisha lolote. Ukipata, bado hujathibitisha, kwa sababu pwani watu wameoana binamu kwa binamu vizazi vitano mfululizo, na kila ndoa ya namna hiyo inaongeza sentimorgani (kipimo cha vinasaba vinavyoshirikiwa) ambazo hazitoki kwa Salim.

Njia pekee yenye maana ni kromosomu Y, baba hadi mwana. Mteja lazima awe mwanamume aliyeshuka kwa Feruzi kwa wanaume watupu. Kama ni mwanamke, atafute kaka au mtoto wa kaka. Halafu unahitaji mwanamume aliyeshuka hivyohivyo kwa Salim. Na hata Y zikilingana, umepata ukoo, hujapata mtu. Baba anaweza kuwa kaka wa Salim.

Maadili yanaanzia hapo: huyo mzao wa Salim unamwambia nini unapomwomba mate yake? Ukisema "tunatafiti historia ya kabila" umemdanganya. Anatakiwa ajue kwamba jibu linaweza kumwongezea ndugu au kumwondolea, ajue nani ataliona, na kwamba anaweza kujitoa. Kwa maandishi, kabla ya chupa kufunguliwa. Kanuni za BCG, bodi ya Marekani inayowathibitisha watafiti wa nasaba tangu 1964, zimewatengea wanaotoa sampuli za DNA sehemu yao, mbali na sehemu ya umma, ya mteja na ya taaluma yenyewe.

#14 Sentimorgani
Nimekoma. Lakini kwa watu wa karibu inafanya kazi.

#15 Tatu_Bila
Kwa wa karibu ndiyo inaunguza. Sentimorgani 1,750 hivi inaweza kuwa nusu ndugu, inaweza kuwa shangazi, inaweza kuwa bibi. Mtafiti asiyejua anamwandikia mtu "huyu ni kaka yako wa baba" kumbe ni mjomba. Umri na tarehe za kuzaliwa ndizo zinachagua, mashine haichagui.

#16 Wakili_Mstaafu
Na sheria msizisahau. Tanzania kuna Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya 2009, upimaji uko chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na ombi la kujua mzazi hupitia mahakama, wakili au ustawi wa jamii. Hujiendei dirishani na nywele za mtoto kwenye bahasha. Ufaransa kupima DNA kwa ajili ya nasaba tu ni kosa, faini yake yuro 3,750. Kwa hiyo ukimtumia mteja wa Marseille kifaa cha kutemea mate, umemwingiza matatani.

Juu ya hayo kuna sheria za taarifa binafsi: Kenya 2019, Uganda 2019, Tanzania 2022. Lakini hizo zinahusu afya na fedha zaidi, sisi wa nasaba hazitugusi sana.

#17 Mkaguzi254
Wakili, hapo mwisho umeteleza. Sheria ya Kenya ya 2019 inapotaja taarifa nyeti, ndani yake imo asili ya kikabila, vinasaba, hali ya ndoa, na maelezo ya familia: majina ya watoto, ya wazazi, ya mke au wake. Yaani chati yako nzima ya ukoo, kwa walio hai, ni taarifa nyeti kuanzia mstari wa kwanza. Kitabu cha mkutano wa ukoo chenye majina na tarehe za kuzaliwa za watoto wa shule ndicho hasa kilichokusudiwa.

#18 Wakili_Mstaafu
Nimesahihishwa, ahsante.

#19 Mkaguzi254
Kwa vitendo: aliye hai anaandikwa "hai" na jina la tawi lake, basi. Tarehe za kuzaliwa zinabaki kwenye faili la mtafiti. Picha za watoto hapana. Usiseme "walio hai nimewaficha" huku umeacha jina la mama lililowekwa kama swali la siri la benki za watu. Na faili la programu unalomkabidhi mteja lisafishwe pia. Kuna wanaosafisha kitabu, halafu wanatuma GEDCOM (faili la mti wa ukoo) ikiwa na kila kitu, hadi kile kidokezo walichojiandikia: "inasemekana si mtoto wa huyu mzee".

#20 Kichochoro
Hicho kidokezo ndicho kitasomwa kwanza 😂

#21 Marwa_wa_Mto
Mmezama pwani. Huku Mara mtafiti akija na programu yake yenye kisanduku cha BABA na kisanduku cha MAMA anakwama siku ya kwanza. Nyumba ntobhu: mwanamke asiye na mtoto wa kiume anamtolea mahari mwanamke mwingine, watoto wanaozaliwa ni wa nyumba ya yule mwenye nyumba. Aliyempa mimba hana mtoto pale. Ukimwuliza mtoto nasaba yake, atakutajia ukoo wa yule mama mkubwa aliyetoa ng'ombe, na hajakosea.

Mtafiti wa mjini ataandika "baba: hajulikani". Hiyo ni tusi na ni uongo kwa pamoja.

#22 Nyar_Nam
Kwetu Wajaluo pia, aliyerithiwa baada ya mume kufa, watoto wanaofuata walihesabiwa kwa marehemu. Mtu anaweza "kuzaliwa" miaka sita baada ya baba yake kuzikwa. Ukiona hivyo kwenye orodha usifute tarehe ukidhani karani alikosea.

#23 MzeeWaFaili
Marwa na Nyar Nam wameleta jambo ambalo linarudi kwa Feruzi. Kuna nasaba ya damu, kuna nasaba ya nyumba, kuna nasaba ya sheria. Programu nyingi zinaruhusu uhusiano zaidi ya mmoja kwa mtoto mmoja: unaingiza mzazi wa pili na kubadilisha aina ya uhusiano, ila watu hawafungui hicho kidirisha. Andika unachorekodi ni nasaba ipi. MwanaLamu akiwa sahihi, shajara ya mteja ni kweli kwa nyumba na walaa, na si kweli kwa damu. Muscat wanauliza ipi?

#24 KalamuYaKadhi
Muscat wanauliza damu ya baba, bila shaka. Na hata sisi: "Waiteni kwa baba zao" (Al-Ahzab, aya ya 5). Aya hiyohiyo inaendelea kwamba msipowajua baba zao, basi ni ndugu zenu katika dini na mawali wenu. Mawali hao ndio walaa ya MwanaLamu. Yaani Kitabu chenyewe kina safu mbili, sisi ndio tumechapisha fomu yenye moja.

#25 Mbwiga_wa_Baraza
Kwa hiyo Mnyasa kwenye daftari inakufa au haifi? Maana mtu anaweza kuitwa Mnyasa na amezaliwa Mwera, hapahapa Unguja.

#26 BintiMkunazini
Swali zuri, kwa mara ya kwanza leo 😀. Aliyezaliwa nyumbani kwa bwana aliitwa mzalia. Lakini makarani hawakuwa na msimamo, mwingine alimwandika mzalia kabila la mama yake. Tukichukulia ni kweli amezaliwa bara karibu 1871, basi aliletwa mtoto baada ya soko la Unguja kufungwa Juni 1873, kwa magendo. Yalikuwepo, misafara ilipandishwa kwa miguu kando ya pwani kutoka Kilwa kukwepa manowari za Waingereza. Inawezekana. Ila inawezekana vilevile umri umekosewa na aliletwa kabla.

#27 Karani_wa_Parokia
Kwa wenye mababu Wakatoliki, hasa Bagamoyo (misheni ya 1868), vitabu vya ubatizo vina mtego mwingine. Ukurasa wa ubatizo una pambizo. Huko pambizoni huandikwa ndoa iliyofungwa baadaye, mahali na tarehe. Watu wanapiga picha mstari wa katikati, wanaacha pambizo, halafu wanatafuta ndoa miaka miwili.

#28 Kichochoro
Karani, Feruzi ni Muislamu.

#29 Karani_wa_Parokia
Najua. Pambizo halina dini. Piga picha jalada la daftari, ukurasa wa kabla, ukurasa wenyewe kutoka ukingo hadi ukingo, ukurasa wa baada. Kitambulisho cha faili kiwe kwenye kipande cha karatasi ndani ya picha hiyohiyo, la sivyo baada ya wiki una picha 400 za karatasi za kahawia usizojua zimetoka wapi. Usilambe kidole. Usitumie mwako wa kamera. Na usimpe "chai" mtunza stoo ili akutolee kilichofungwa, maana siku ukiulizwa umekipataje, ushahidi wako wote unanuka.

#30 Mshenga_wa_Mirathi
Nadhani mnamwonea mteja. Kalipa, kazi ni yake. Mbona wanaotafuta warithi wanalipwa asilimia ya mali na hakuna anayelia?

#31 Wakili_Mstaafu
Wanalia. Anayelipwa asilimia ya mirathi ana kila sababu ya kukuta mrithi, na kila sababu ya kutokuta mwingine. Kutafuta atafute, lakini asipande kizimbani kuapa kuhusu nasaba ileile inayomlipa. Mtoa ushahidi alipwe kwa saa, jibu liwe lolote. Na mizani imepanda sasa: Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba mtoto wa Muislamu aliyezaliwa nje ya ndoa asinyimwe mirathi kwa sababu hiyo. Mstari mmoja wa mtafiti unaweza kuwa shamba la mtu.

#32 KalamuYaKadhi
Uamuzi huo wanazuoni wengi hawaukubali, lakini uzi si wa hilo.

#33 Mshenga_wa_Mirathi
Uanzishe mwingine basi, tuje.

#34 Mkataba_Kwanza
Tatizo la Fundi lilizaliwa siku aliyopokea nusu ya malipo bila kuandikiana. Karatasi mbili tu zingetosha. Ziseme hivi:

Kinachonunuliwa ni muda na ripoti, si jibu. Saa ngapi, hifadhi zipi zitapekuliwa, na ukikosa utaeleza ulikokosa. Malipo theluthi mwanzo, theluthi katikati pamoja na ripoti ya awali, theluthi mwisho. Ukichukua nusu kabla ya kufungua faili, mteja anaona ameshanunua babu.

Kisha kipengele cha yasiyotarajiwa. Mteja achague kabla, kwa mkono wake, kama anataka kuambiwa: utumwa, watoto wa nje, kifungo, kujiua, baba tofauti. Anaweza kusema "nisiambiwe". Hiyo ni haki yake na utaiheshimu kwa kunyamaza. Ila haki ya kutoambiwa si haki ya kuandikiwa kinyume. Hapo ndipo mstari ulipo, wengi wanauchanganya.

Mwisho: nani anaruhusiwa kuona ripoti. Mteja tu. Usiitume kwenye kundi la ukoo, usimnong'oneze shangazi aliyekupa mahojiano, usiitumie kama mfano wa kujitangaza.

#35 Fundi_Shajara
Hapo kwenye "kunyamaza" umenigusa. Yaani nikimwambia kwa faragha, halafu kitabu kikae kimya kuhusu wazazi wa Feruzi, maadili yamekaa sawa?

#36 Mkataba_Kwanza
Kitabu kianzie kwa Feruzi. "Mzee wetu wa kwanza tunayemjua kwa hati." Hakuna uongo, hakuna aibu. Wapo wanaochapisha hivyo na watu wanalia kwa furaha.

#37 BintiMkunazini
Mimi napinga. Kuanzia kwa Feruzi ni kumkata Mnyasa kwa mara ya pili. Wa kwanza kumkata mizizi ni aliyemteka, wa pili ni mtafiti mwenye adabu. Tena tunaita "aibu" ya nani? Aliyetekwa hakufanya kosa. Kama kuna wa kuona haya kwenye ule ukurasa wa 1901, yumo kwenye safu ya bwana.

#38 Mbwiga_wa_Baraza
Maneno mazito, lakini wanaoishi na hilo jina mtaani ni vitukuu. Binti yao akiposwa, anayechunguza hatasoma falsafa yako.

#39 BintiMkunazini
Ndiyo maana nasema aambiwe yeye, aamue yeye. Sikusema ubandike msikitini.

#40 MwanaLamu
Wote mnajadili kitabu. Kitabu ni chepesi. Mzigo ni ile nakala ya Kiarabu yenye saini. Kitabu cha ukoo ni cha kwao, wakitaka kuanzia kwa Nabii Nuhu ni shauri lao. Saini ni yako.

#41 MzeeWaFaili
Hilo ndilo. Saini haitoki. Mwambie mteja mapema, kabla hajaweka tarehe ya safari. Rudisha pesa za kazi ambayo hujafanya, mkabidhi picha na maelezo ya kazi uliyofanya, kwa sababu hizo amelipia, na umwache huru kutafuta mwingine. Ila usiandikie ofisi yoyote barua ya kumchongea. Hukuajiriwa kuwa askari.

#42 Mkaguzi254
Na wakikuuliza kwa barua rasmi?

#43 Wakili_Mstaafu
Hapo unamtafuta wakili kabla ya kujibu, na aliye kazini, si mimi.

#44 Fundi_Shajara
Saini nimekubali haitoki. Kwa ripoti ya faragha nimeandika hivi, ikosoeni:

"Shajara ya familia (nakala ya miaka ya 1950) inamtaja Feruzi kuwa mwana wa Salim bin H. Daftari la 1901 linamtaja Feruzi, Mnyasa, aliyepewa uhuru kutoka kwa bwana mwenye jina la Salim bin H. Hati ya 1931 inamtaja Feruzi bin Abdulla, muuzaji wa shamba. Haijathibitika kwamba watatu hawa ni mtu mmoja."

#45 Tatu_Bila
"Watatu hawa" imeshaamua kwamba ni watatu. Weka "kwamba nyaraka hizi zinamhusu mtu mmoja". Na useme ulikopekua na ambako hukupekua.

#46 KalamuYaKadhi
Na usiandike "kutoka kwa bwana mwenye jina la". Andika kilichoandikwa, safu kwa safu, kisha tafsiri yako chini yake, zisichanganyike.

#47 MzeeWaFaili
Safu ngapi ziko kwenye ukurasa wa 1901?

#48 Fundi_Shajara
Namba, jina, umri, kabila, kazi, bwana. Sita. Ya saba ni ya maelezo ya karani.

#49 MzeeWaFaili
Inasemaje?

#50 Fundi_Shajara
Picha imekatikia hapo. Naona mkia wa herufi mbili tu.

#51 Karani_wa_Parokia
Ukingo hadi ukingo, nilisema #29.

#52 MzeeWaFaili
Rudi Kilimani, kwenye hifadhi ya nyaraka, Fundi.